Imefufuliwa au Imebadilishwa? Kabla ya Kuilipia Le Mans ya 1977

"Nimepata Moto Guzzi Le Mans 850 ya mwaka 1977 inayouzwa na mtu binafsi. Anasema ilifufuliwa yote miaka 9 iliyopita na kuboreshwa: injini imeongezwa hadi cc 949, kabureta ni za milimita 40, platini (swichi ya mguso inayoamuru cheche za plagi) zimeondolewa na kuwekwa mfumo wa kielektroniki, breki zilizounganishwa zimetenganishwa, na rangi nyekundu ni mpya. Tangu hapo imetembea kilomita 1,100 tu. Nambari ya injini si sawa na ya fremu, na nilipopiga resi ikiwa imesimama, pikipiki iliegemea kulia kana kwamba fremu imepinda. Anaomba bei inayozidi ya Le Mans ambazo hazijaguswa, kwa kuwa ana risiti nyingi. Mimi si fundi. Nataka pikipiki ya kuendesha, lakini sitaki kutupa fedha. Je, niinunue?"

Ndugu msomaji, hofu yako, kama nimeisoma vyema, haihusu ubaya wa pikipiki yenyewe. Unaambiwa ulipe zaidi kwa sababu mbili zinazovutana: kwamba imerudishwa ilivyokuwa, na kwamba imefanywa isiwe ilivyokuwa. Una haki ya kusita. Madai hayo mawili yakikaa katika tangazo moja, kila dai linahitaji ushahidi wake. Kufufuliwa huthibitishwa kwa picha na risiti za wakati injini ilipokuwa imefunguliwa mezani; kubadilishwa huthibitishwa kwa vipimo, na kwa maelezo ya mtu aliyefanya kazi hiyo. Rangi nyekundu haithibitishi lolote kati ya hayo mawili. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nasi wa gereji huongeza swali moja tu, vimeundwa na nani.

Nianze na mambo mawili ambayo hayafai kukukosesha usingizi.

La kwanza ni kule kuegemea kulia. Injini ya Guzzi hii ni ya silinda mbili zilizopangwa kwa pembe ya nyuzi 90, zimetokeza kushoto na kulia kama masikio, na kranki yake (mhimili unaozungushwa na pistoni) imelala kufuata urefu wa pikipiki, kutoka mbele kwenda nyuma. Katika pikipiki nyingi nyingine kranki hukaa kukingama. Unapopiga resi ghafla, kranki pamoja na lile gurudumu zito lililofungwa nyuma yake huongeza mwendo wa kuzunguka, na kwa kuwa kila nguvu ya kuzungusha ina mwitiko wake, mwili wote wa pikipiki husukumwa kuelekea upande wa pili. Ukiachia resi, hurudi wima. Hiyo ndiyo tabia ya ukoo huu tangu V7 ya 1967, na waendeshaji wake wengi huipenda. Fremu iliyopinda hujionyesha kwa namna nyingine: pikipiki huvuta upande mmoja ikiwa inatembea, au gurudumu la nyuma halifuati mstari wa lile la mbele ukiipima kwa uzi uliokazwa kandokando ya magurudumu.

La pili ni nambari. Msemo wa "nambari zinazolingana" umekuja kwetu kutoka kwenye magari na aina nyingine za pikipiki, na watu huutumia mahali usipohusika. Kiwanda cha Guzzi, kilichoko Mandello del Lario, hakikuwa na desturi ya kugonga nambari ileile kwenye injini na kwenye fremu ya Le Mans. Kwa hiyo kutofautiana kwenyewe si kosa. Unachotakiwa kukitazama ni herufi zinazotangulia nambari. Fremu ya Le Mans ya awali huanza na herufi VE. Fremu yenyewe ni ile aliyoibuni Lino Tonti kwa ajili ya V7 Sport ya 1971, alipoiondoa dainamo iliyokuwa juu ya injini na kuweka alteneta (mashine ya kuzalisha umeme) mbele ya kranki ili pikipiki iwe fupi kwa kimo, na fremu za ukoo huohuo zilitumika pia kwenye pikipiki za kawaida zaidi kama 850 T3. Hapo ndipo udanganyifu hupata nafasi. T3 ina injini ya ujazo uleule wa cc 844. Mtu akiivika tangi, kiti, kikinga upepo kidogo na rangi nyekundu, mtu asiye na uzoefu atadhani amekutana na Le Mans. Jambo hili haliko kwa Guzzi peke yake. Ducati 750 Super Sport ya 1974, iliyotokana na ushindi wa Paul Smart katika mbio za maili 200 za Imola mwaka 1972, ilitengenezwa kwa idadi ya 401, na kwa sababu hiyo 750 GT nyingi zimewahi kuvalishwa nguo zake.

Basi piga magoti, futa mafuta kwa kitambaa, usome nambari ya fremu kwenye chuma chenyewe. Tazama kama chuma kinachoizunguka ni sawa na kwingine, kama hakina michirizi ya jiwe la kusagia, kama rangi si nene kupita kiasi mahali hapo tu. Ilinganishe na kadi ya usajili, tarakimu kwa tarakimu. Ukiona shaka yoyote hapo, usiendelee na mazungumzo ya bei. Peleka suala hilo kwa mamlaka ya usajili kwanza, kwa kuwa nambari iliyochezewa haitibiki kwa punguzo.

Sasa nije kwenye yale ambayo mimi, kama ningekuwa mahali pako, yangenikosesha usingizi kweli. Nitakaa zaidi kwenye silinda, kwa sababu huko ndiko fedha zinakozama.

Silinda za Le Mans ya 1977 zilitoka kiwandani zikiwa za aluminiamu, na ukuta wa ndani ulipakwa kromu ngumu moja kwa moja juu ya aluminiamu hiyo. Wazo lilikuwa zuri: aluminiamu hutoa joto haraka, kromu husuguliwa na ringi bila kulika upesi. Tatizo ni kwamba kromu hiyo ni tabaka jembamba sana, sehemu ndogo ya milimita, na aluminiamu iliyo chini yake hutanuka kwa joto zaidi kuliko kromu yenyewe. Mradi tabaka halina ufa, mambo huenda salama kwa miaka mingi. Likipata mkwaruzo au ukingo wake ukiinuka kidogo, unyevunyevu hupenya chini yake na kuanza kula aluminiamu, na ule unga mweupe wa kutu ya aluminiamu huisukuma kromu kutoka chini kama vile chumvi inavyoinua chokaa ukutani. Kisha kinabanduka kipande. Kipande hicho ni kigumu kuliko karibu kila kitu kilichomo ndani ya injini; hukwaruza pistoni, huvunja ringi, na kikishuka na oili huenda kutafuta beringi za kranki.

Silinda ikishabanduka namna hiyo huwezi kuichonga tu na kuweka pistoni ya saizi ya juu kama inavyofanyika kwa silinda ya chuma. Ama inapakwa upya tabaka la kisasa la nikeli na silikoni kabaidi, ama inatiwa mkebe wa chuma ndani, ama inanunuliwa seti mpya. Guzzi wenyewe walihamia kwenye tabaka la namna hiyo ya nikeli, wakaliita Nigusil, na Le Mans III ya 1981 ilikuwa nalo.

Labda utaniambia: pikipiki ninayoitazama imeshabadilishwa silinda, imekuwa cc 949, kwa hiyo tatizo hili halinihusu. Linaweza kukuhusu sana. Kipenyo cha silinda ya asili ni milimita 83 na mwendo wa pistoni ni milimita 78. Ukiongeza kipenyo hadi milimita 88 bila kugusa mwendo, unapata hizo cc 949. Sasa, kipimo cha 88 kwa 78 kilikuwepo kiwandani zamani, kwenye V1000 Convert ya 1975 na 1000 SP iliyofuata, na silinda za mwanzo za pikipiki hizo nazo zilikuwa za kromu. Mtu aliyetaka kupandisha injini kwa gharama ndogo angeweza kuchukua silinda zilizotumika za pikipiki hizo. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji si "ni cc ngapi?" bali "ukuta wa silinda ni wa kitu gani, na risiti yake iko wapi?" Kama katika zile risiti nyingi hamna hata moja ya silinda na pistoni, lakini zipo sita za rangi na kromu ya nje, umeshajua fedha zilikwenda wapi.

Niliwahi kuletewa pikipiki ya aina hii na mnunuzi aliyekuwa ameshailipia. Ilikuwa inang'aa kiasi kwamba niliona haya kuiweka juu ya sakafu yangu. Iliwaka kwa mguso wa kwanza. Nilipoimwaga oili kwenye beseni jeupe na kulisogeza juani, niliona chembe zinazometameta zikizunguka polepole kama vumbi la mica. Nikapitisha sumaku, haikunasa kitu, na mwenye pikipiki akashusha pumzi, akidhani ni dalili njema. Haikuwa dalili njema. Sumaku hainasi aluminiamu, na haiinasi kromu pia. Tulipotoa silinda ya kushoto tulikuta kiraka cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba karibu na ukingo wa juu, kijivu, kingo zake zimechongoka. Fundi aliyeifufua alikuwa ameipaka rangi silinda kwa nje bila kuitazama ndani.

Zile kilomita 1,100 ambazo muuzaji anazitaja kama sifa, mimi nazihesabu upande wa hasara. Kwa miaka 9 huo ni wastani wa kilomita 122 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba pikipiki imekuwa ikiwashwa ionwe na wageni, inanguruma dakika tano, inazimwa kabla haijapata joto. Kila mara injini inapofanya hivyo, maji yanayozaliwa na mwako hubaki ndani yake badala ya kuchemka na kutoka. Huchanganyika na oili na kutengeneza asidi hafifu. Mafuta yaliyoachwa ndani ya kabureta hukauka na kuacha gundi kwenye jeti ndogo. Sili za mpira hukauka. Matairi yanaonekana mapya kwa sababu kashata hazijalika, lakini soma tarakimu 4 zilizogongwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka: tairi la miaka 9 huwa limekakamaa, na pikipiki yenye nguvu kama hii haifai kukimbizwa juu yake. Pia, marekebisho makubwa ya injini hayawezi kusemwa yamefanikiwa kwa kilomita 1,100. Mimi huanza kuamini baada ya kilomita 5,000 zikiwa zimetembezwa mfululizo, pamoja na safari ndefu za joto kali.

Kuhusu kupandisha ujazo wenyewe, sina ugomvi nako. Ongezeko ni takriban asilimia 12, na kiwanda kilifanya vivyo hivyo kilipotoa Le Mans 1000 mwaka 1984. Kazi hiyo ikifanywa na fundi anayejua hesabu yake, pikipiki huwa tamu kwenye mwendo wa kati. Lakini hesabu lazima iwepo. Uwiano wa mgandamizo wa Le Mans ya awali ni 10.2. Ukiweka silinda za milimita 88 na kuacha nafasi ya mwako kichwani vilevile ilivyokuwa, uwiano unapanda hadi kama 11.3. Hapo petroli ya kawaida huanza kujilipukia kabla ya wakati, na injini hugonga kwa sauti ya kokoto ndani ya kopo, hasa ikiwa imepata joto na inapanda mlima kwa gia ya juu. Kwa hiyo uliza pistoni zina umbo gani, na uwiano ulipimwa kiasi gani baada ya kufunga. Jibu la kweli ni nambari. Jibu la "ina nguvu sana, utaona mwenyewe" si jibu. Uliza vilevile kama kranki ilisawazishwa upya, maana uzito wa kranki hupangwa kufuata uzito wa pistoni, na pistoni kubwa zikiwa nzito zaidi pikipiki hutetemeka kwenye kasi ileile unayopenda kusafiria. Na uliza kama midomo ya krankkesi (kasha linaloishika kranki) ilikerezwa ili silinda mpya ziingie. Kilichokerezwa hakirudi, na jambo hilo lina uzito tutakapofika kwenye bei.

Kabureta za milimita 40 ni zile ambazo Dell'Orto walizitengeneza kwa Le Mans 1000. Za asili zilikuwa za milimita 36, zenye pampu ya kuongeza mafuta ukipiga resi. Mdomo mkubwa hupunguza kasi ya hewa inayopita ndani yake injini ikiwa inazunguka polepole, na hewa ikipita polepole hainyonyi mafuta sawasawa. Matokeo yake ni pikipiki inayosita ukiondoka kwenye taa za barabarani na kufurahi ikiwa imeshakimbia. Kwa cc 949 ukubwa huo unakubalika, mradi jeti zimepangwa kwa injini hii. Tazama pia kama kuna vichujio vya hewa. Le Mans ya awali ilitoka kiwandani na midomo wazi iliyofunikwa kwa wavu tu, jambo linalopendeza kwenye picha. Kwa barabara yenye vumbi mimi nakataa kabisa, hata kama wapenda uasilia watanikasirikia.

Suala la breki ningependa ulichukulie kwa uzito kuliko muuzaji anavyolichukulia. Katika mpango wa kiwanda, pedali ya mguu hufunga diski ya nyuma pamoja na diski moja ya mbele, na mkono wa kulia hufunga ile diski nyingine ya mbele peke yake. Watu wengi huitenganisha mifumo hiyo ili breki ya mkono ifunge diski zote mbili za mbele kama kwenye pikipiki za kawaida. Hakuna ubaya, ila pampu ya mkono ya asili ilipimwa kwa ajili ya kusukuma mafuta ya kalipa moja. Ukiipa kalipa mbili bila kuibadilisha, inatakiwa isukume mafuta mara mbili, nayo hufanya hivyo kwa kusafiri mara mbili, mpaka mkono wa breki unakaribia kugusa usukani. Upande wa mguu mambo hugeuka: pampu iliyokuwa inahudumia kalipa mbili sasa inahudumia moja, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na kwa kuwa hupati tena msaada wa gurudumu la mbele, unakanyaga kwa nguvu zaidi hadi gurudumu la nyuma linafunga na kuteleza. Jaribu ukiwa umesimama: shika breki ya mkono kwa vidole viwili. Ikisimama imara ikiwa bado na nafasi ya kutosha kutoka kwenye usukani, kuna mtu alifikiri. Ikiendelea kuja, hesabu gharama ya pampu mpya, na usiijaribu barabarani kwa mwendo wa kasi.

Mfumo wa kielektroniki badala ya platini ni badiliko ninaloliunga mkono karibu kila mara. Huondolewa kwa saa chache ukitaka kurudi nyuma. Upande wa umeme kuna jambo moja dogo la kutazama: ukiwasha ufunguo, taa nyekundu ya chaji lazima iwake kabla injini haijawaka. Katika mfumo huu wa Bosch umeme wa kuamsha alteneta hupitia kwenye balbu hiyo. Balbu ikiungua, alteneta haiamki kabisa, na nimeona watu wakinunua betri mbili na alteneta nzima kwa sababu ya balbu.

Nije kwenye bei, ambako nadhani muuzaji wako amekosea kwa moyo mweupe. Risiti ni kumbukumbu ya alichotumia; hazikulazimishi wewe kumrudishia. Pikipiki za namna hii zina wanunuzi wa aina mbili. Wapo wanaotafuta uasilia, ambao hulipa vizuri kwa pikipiki iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, hata ikiwa imechakaa, kwa sababu uasilia ukishaondoka haununuliki. Na wapo wanaotaka kuendesha, ambao hulipia kazi nzuri, lakini kila mmoja ana ladha yake, na ladha ya fundi wa miaka 9 iliyopita si lazima iwe yao. Pikipiki iliyobadilishwa huwapoteza wa kwanza na kuwapata baadhi tu ya wa pili. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, haistahili kuipita kwa bei Le Mans ambayo haijaguswa na ambayo ni nzima. Inastahili kuwa chini yake, na umbali kati ya bei hizo mbili unategemea swali moja: vitu vilivyoondolewa viko wapi?

Mwombe akuonyeshe sanduku. Kabureta za milimita 36, sailensa za Lafranconi, pampu na mabomba ya breki ya asili, bamba la platini, silinda za milimita 83 hata kama zimeharibika, na kile kiti cha kipande kimoja cha mpira ambacho kilikuwa na sifa mbaya ya kupasuka na kwa hiyo ni adimu kikiwa kizima. Kama sanduku lipo, mabadiliko mengi yanaweza kurudishwa na wewe unanunua pikipiki mbili ndani ya moja. Hapo bei yake inaweza kusogea karibu na ile ya asilia. Kama viliuzwa, au kama krankkesi zilikerezwa, unanunua pikipiki ya kuendesha, basi lipa bei ya pikipiki ya kuendesha. Usisahau kutazama ujazo ulioandikwa kwenye kadi. Kadi ikisema 844 na injini ni 949, kampuni ya bima inaweza kulitumia jambo hilo dhidi yako siku ya ajali, kwa hiyo badiliko hilo lisajiliwe kabla hujaanza kuiendesha.

Je, uinunue? Kwa kuwa umesema unataka kuendesha, sioni sababu ya kuikimbia. Pikipiki hii ni imara, haina mnyororo wa kupaka mafuta kwa kuwa nguvu hupelekwa nyuma kwa shafti, na spea zake nyingi bado zinapatikana. Kama lengo lako la kweli lingekuwa kuhifadhi thamani, ningekushauri uiache na utafute iliyochoka lakini haijaguswa. Na kama moyo wako uko kwenye mwendo zaidi ya mwaka 1977, Le Mans 1000 ya baadaye itakupa cc hizohizo kutoka kiwandani, kwa kawaida kwa fedha pungufu, bila kumtegemea fundi usiyemjua. Kati ya hizo tatu mimi ningekwenda kuitazama hii yako mara ya pili, ila nisingekwenda peke yangu.

Hapa ndipo maandishi yangu yanapofikia mwisho wa uwezo wake. Huwezi kuikagua injini kwa kusoma, nami siwezi kuisikiliza kutoka hapa. Tafuta fundi anayefanya kazi na Guzzi za zamani, umlipe yeye na si muuzaji, na uende naye kabla hujatoa hata malipo ya awali. Mwambie muuzaji asiiwashe siku hiyo. Injini iliyotangulia kupashwa joto huficha mengi. Mkifika, weka kiganja juu ya silinda: iwe baridi. Kabla ya kuiwasha, fundi atoe plagi na kuingiza kamera ndogo ya mrija kupitia tundu lake, pistoni ikiwa chini, ili mwone ukuta wote wa silinda. Ukuta mzuri una rangi moja. Baada ya kuiwasha na kuitembeza hadi ipate joto, apime mgandamizo resi ikiwa wazi, kisha apime kiasi cha hewa kinachovuja na asikilize kinatokea wapi: kwenye ekzosi, kwenye kabureta au kwenye pumzi ya krankkesi. Sauti ya kugongagonga ya klachi kavu ikiwa imeshikwa isiwatishe. Mlio mkavu nyuma ya giaboksi mnapoisukuma, hapo penye kiungo cha shafti, huo msiupuuze.

Wewe mwenyewe una swali moja la kumwuliza muuzaji fundi akiwa kazini, na uliulize kwa upole tu: filta ya oili iko wapi? Kwenye injini hii imefichwa ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini), na kuibadilisha lazima sampu yote ifunguliwe kutoka chini. Aliyeitunza pikipiki yake atacheka na kukueleza jinsi bolti zile zilivyomchosha. Akianza kuitafuta ubavuni mwa injini, umepata historia ya matunzo ya miaka 9 bila kufungua risiti hata moja.

Akikataa kamera na vipimo, mshukuru na uondoke. Akikubali na vipimo vikawa safi, nunua, weka matairi mapya na mabomba mapya ya breki kabla ya safari ya kwanza, kisha ubadilishe oili na filta baada ya kilomita 500. Siku hiyo mwombe fundi aikate filta ya zamani na kuikunjua karatasi yake juani mbele yako, muitazame pamoja.